Upande wa Kulia wa Gari

Nilipoolewa Ibra niliambiwa kuwa mume wangu ni askari wa Sultani, na nikaona nimeshajibiwa. Mimi nimezaliwa Nizwa. Wazee wangu walitoka Pemba, na nyumbani mwetu hakukuwa na mtu wa bunduki. Baba alikuwa na duka la vitambaa na kaka zangu wakaingia maofisini. Nikafikiri askari ni askari: anavaa, anakwenda kazini, anarudi, anasimulia. Mume wangu alikuwa akivaa, akienda, akirudi. Kusimulia ndiko kulikokosekana.

Siku ya mwanzo niliyomuuliza, "Leo mlikuwa wapi?" alinijibu, "Kazini," kisha akaniuliza habari za skuli, maana mimi ni mwalimu wa jiografia. Niliporudia kuuliza wiki nyingine, akajibu vilevile, kwa upole uleule. Mavyaa wangu, mama yake, ambaye tulikuwa tukikaa naye nyumba moja, alikuwa barazani akichambua mchele. Akacheka.

"Mwanangu, usijichoshe," akanambia. "Mimi niliyemzaa sijui anakolala."

Basi kazi yake nikajifunza kwa kumtazama. Kila akiegesha gari, huingia kinyumenyume, pua iangalie njia. Kila tukiingia mahali, kwanza huangalia mlango wa pili uko wapi. Siku moja tulikuwa tunatoka Nizwa kwenda Ibra, tukasimama Bidbid, pale njia yetu ya Ibra na Sur inapoiacha njia ya Maskati, tukaingia duka la chai. Mimi nikakaa karibu na kioo niwaone watu wanaopita. Akanambia, "Njoo huku ndani."

"Kwani pana nini hapa?"

"Hapana kitu."

Nikahama. Kisha akainuka, akaenda mpaka jikoni, nikamsikia akimwomba radhi mpishi kwa Kihindi chake kibovu. Alitaka tu kujua kama mlango wa nyuma umefungwa. Alirudi akanywa chai yake kwa raha, na mimi nikacheka mpaka nikapaliwa. Kwake yeye, "hapana kitu" si neno la kusema mpaka uwe umekwenda kuangalia.

Kadiri miaka ilivyopita akawa ananipa vipande. Mahali hakutaja kamwe, wala siku, wala jina la mtu. Lakini nilijua kuwa safari moja ya Sultani huanza zamani kabla ya yeye mwenyewe kutoka nyumbani kwake. Kuna wanaotangulia kuipita njia, wakaangalia chini ya madaraja na juu ya mapaa. Kuna wanaoingia jikoni wakasimama na wapishi, na wanaokwenda hospitali iliyo karibu wakajua daktari gani yuko zamu. Madereva hufundishwa kurudi nyuma kwa mwendo ambao mimi siuwezi hata kwenda mbele. Kuna na wanaokaa chumbani kutwa, na viatu miguuni, kungojea safari ambayo mwisho wake inavunjwa.

"Wanaoonekana ni wachache," alinambia. "Na kazi ikenda vizuri hakuna kilichotokea. Sasa ukirudi nyumbani utasimulia nini?"

Yeye alikuwa katika wachache wanaoonekana. Gari la Sultani likipita katikati ya watu pole pole, kuna wanaotembea kwa miguu pembeni. Mahali pake palikuwa upande wa kulia, karibu na gurudumu la nyuma. Hilo sikuambiwa, nililiona katika televisheni. Nikapiga kelele, na mavyaa wangu akaja mbio akidhani nimeungua.

Habari za zamani za kazi ile nilizipata kwa mjomba wangu wa Nizwa, kaka yake mama, ambaye ndiye aliyempeleka mume wangu kuomba kazi. Ijumaa baada ya sala tulikuwa tukenda kwake, tukala, na wanaume wakishakunywa kahawa mjomba huanza. Yeye mwenyewe alikuwa katika watu wa mwanzo waliotoka Unguja na Pemba kuingia katika ulinzi ule, naye hakuwa na siri kwa sababu aliyokuwa akiyasimulia yalikuwa yamepitwa na wakati.

Alisema aliwakuta wazee waliokuwa wakilinda kwa mila ya zamani. Walikuwa watu wa makabila, na jambia kiunoni na bunduki ndefu ambazo wameachiwa na baba zao. Walikuwa wakikaa langoni, na usingizi wao ni kujilaza kwenye kizingiti, anayetaka kuingia awaruke. Kahawa ya mkubwa huonjwa kwanza na yule anayeimimina. Hawakufundishwa na mtu.

"Walikuwa wanajua nyuso," alisema mjomba. "Kila anayekuja wanamjua yeye, na baba yake, na ugomvi wa babu yake. Asiyejulikana haingii. Basi."

"Kisha?" nikauliza.

"Kisha zikaja barabara. Zikaja ndege na wageni, na watu wengi kama sie. Nani atatujua nyuso sie? Tumeshuka hatujui hata kufunga kilemba, Kiarabu chetu kinachekwa sokoni. Lakini tulikuwa tunasoma ramani, na redio za mawasiliano tulizijua, na Kiingereza tulikuwa nacho. Wakaletwa walimu kutoka nje, ikawa skuli kamili. Wazee wale waliona ajabu. Mmoja akaniuliza, 'Mnajifunza nini kutwa nzima?' Nikamwambia, tunafundishwa kuangalia mikono ya watu. Akasema, 'Mikono? Mtu ana uso, wewe unaangalia mikono?'"

Mume wangu alicheka pamoja na wengine, akaomba kahawa nyingine.

Ikaja ile ziara ya Sharqiyah, mkoa wetu. Zilikuwepo kabla ya hapo na baada ya hapo, Sultani akitoka mji mkuu akipita mikoani kuonana na watu wake, akipiga kambi nyikani na mawaziri pamoja naye. Lakini ile ilikuwa ipite Ibra yenyewe, barabara iliyo karibu na mtaa wetu. Mji ulijaa bendera. Soko la wanawake la Jumatano halikuzungumza jingine.

Mavyaa wangu aliposikia akanambia, "Mimi nitakwenda kumpa mkono."

Lazima nieleze alikuwa mtu gani. Alizaliwa Unguja mjini, na alipokuwa msichana alikuwa akimwona Sultani wa kule akipita jioni na gari lake, anapunga hewa. Watu wa barazani wakisimama, watoto wakipunga mikono, naye akiwajibu. Mbele alikaa dereva na askari mmoja, wengine hawakuwapo. Hiyo ndiyo picha aliyokuwa nayo ya Sultani na raia zake. Baadaye yakaja mapinduzi, yakatokea yaliyotokea, akaja Omani na mume na mtoto mchanga na sanduku moja la nguo, na nchi ikawapokea, wakapewa pa kukaa na watoto wakasomeshwa. Kila alipozungumza habari hizo alikuwa akimalizia kwa kusema, "Na hata ahsante sijampa mtu."

"Watu wote wanampelekea shida zao," akanambia. "Mimi sitaki kitu. Nataka kumwambia ahsante tu."

Mume wangu alikuwa keshaondoka kitambo. Alipopiga simu nikamweleza. Akasema, "Mwambie akae nyumbani aangalie televisheni. Barabarani patakuwa na watu wengi na yeye mguu wake mbovu."

"Wewe utakuwepo?"

"Mwambie akae nyumbani."

Nilimwambia. Akanijibu, "Yeye amekuwa waziri siku hizi?" Siku ile asubuhi akachuma asumini za uani kwake, akazifunga pamoja na waridi na majani ya rehani, akafanya kikuba kizuri kama kile walichokuwa wakikibandika nguoni wanawake wa Unguja siku za harusi. Akakifunika kwa kitambaa kibichi kisinyauke, akakitia ndani ya buibui lake, tukatoka.

Tulisimama mbele, maana watu walimpisha kwa uzee wake. Ngoma zilikuwa zikipigwa, wanaume wakicheza na panga, wasichana wa skuli yangu wamevaa nguo za kijani na nyekundu wanapunga bendera. Kwanza zikapita pikipiki, kisha magari mengine, kisha likaja lile lenyewe, pole pole, na Sultani amesimama anapunga mkono. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nikitafuta upande wa kulia, na nikamwona mume wangu anatembea, macho yake yako kila mahali isipokuwa kwa aliyekuwa akimlinda.

Sikuhisi mavyaa wangu alipouacha mkono wangu. Nilipogeuka keshatoka mstarini, anakwenda kule kwenye gari na mguu wake ule, mkono mmoja uko ndani ya buibui anakitafuta kikuba.

Hakwenda mbali. Mume wangu alimfikia kabla sijaita. Alimshika kifundo cha mkono ule uliofichwa, akamzungusha, mkono wa pili mgongoni, na akamrudisha kwetu kama mtu anavyoufunga mlango. Alikuwa akisema kwa Kiarabu, "Rudi, ya walida, rudi nyuma." Ya walida, yaani ewe mama, ndivyo anavyoitwa kila mwanamke mzee barabarani. Akamkabidhi kwa askari wa kike aliyekuwa karibu nasi, na kabla sijafumba mdomo keshafika tena kwenye gurudumu lake. Kikuba kilianguka. Magari ya nyuma yakapita juu yake.

Askari yule wa kike alikuwa msichana mpole. Alimpa maji, akaangalia mikono yake, akamwuliza kama ameumia. Mavyaa wangu hakuumia. Hakulia pia. Tulirudi nyumbani kwa miguu, naye njia nzima akawa anakitazama kile kifundo cha mkono.

Nyumbani akakaa kitandani kwake na buibui lake. Nikamletea chai.

"Amenisemesha Kiarabu," akasema.

"Alikuwa kazini, mama."

"Mimi na mtoto huyu hatujapata kusemezana Kiarabu hata siku moja. Nimemlea kwa Kiswahili, nimempiga kwa Kiswahili. Leo ananiita kama bibi yoyote wa sokoni."

Majirani walikuja jioni, na wengine walikuwa wameona. Mmoja akasema kwa kutaka kumfurahisha, "Mwanao ni mlinzi hasa, hata mama yake hamjui." Alidhani ni sifa. Baada ya hapo mavyaa wangu akafunga mlango wa barazani, akawa hataki wageni.

Ziara ikaendelea. Tulisikia wamekwenda Sur, kisha wamerejea mkoa wa Dakhiliyah wamepiga kambi upande wa Izki. Mume wangu alikuwa akipiga simu kila alipopata nafasi, na jambo la kwanza aliuliza, "Mama mkono wake vipi?" Nikimpelekea simu mavyaa wangu, hugeuza uso akajitia anasali. Nilikuwa baina yao kama tarishi. Na mimi pia nilikuwa nimeudhika, nikiri. Nilijua sababu zote, nilikuwa nimefundishwa na mjomba, lakini nilikuwa nimeuona uso wa mama yule alipogeuzwa.

Alipopewa ruhusa alikuja alasiri, hakubadilisha hata nguo. Mavyaa wangu alikuwa uani anamwagilia maji miasumini. Mume wangu akamwendea, akainama.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Maji yakaendelea kumwagika mpaka yakafurika. Mume wangu akaenda akaufunga mfereji, akavuta kibao akakaa chini mbele yake. Mimi nikataka kuondoka.

"Kaa," mavyaa wangu akanambia. "Nataka uwe shahidi." Kisha akamgeukia mwanawe. "Ulinijua au hukunijua?"

Nilidhani atasema hakumjua. Ingekuwa rahisi kwa wote.

"Nilikujua," akasema. "Nilikujua kwa mguu, kabla hujatoka mstarini. Nilikuwa naomba usitoke."

"Ukanijua, ukanikamata kama mwizi."

"Mkono wako ulikuwa ndani ya buibui, mama. Mimi nilijua ni wewe. Wenzangu hawakujua. Wao wameona mtu anakuja kwenye gari na mkono hauonekani. Kama mimi ningekaa kimya kwa kuwa ni mama yangu, angekuja mwengine, na yeye asingekushika kifundo. Angekuangusha. Na angekuwa na haki."

"Na Kiarabu?" mavyaa wangu akauliza.

"Pale tunasema lugha moja, kila mmoja asikie mwenzake anasema nini na mtu. Ningekusemesha Kiswahili, wenzangu wangejiuliza, huyu anamwambia nini huyu mama? Wangeniangalia mimi wakaacha kuangalia watu. Hicho ndicho kitu kibaya kabisa, sote tuangalie mahali pamoja."

"Sultani wetu wa Unguja alikuwa akipita na askari mmoja," mavyaa wangu akasema. "Mmoja tu. Na tukimpungia."

"Najua. Umenihadithia tokea mdogo." Akamtazama. "Na mwisho wake uliuona mwenyewe, mama. Mimi nilikuwa nimefungwa mgongoni kwako."

Hilo hatukuwa tumepata kulisikia likisemwa hivyo katika nyumba ile. Yaliyotokea Unguja kwetu yalikuwa ni habari za nyumba zilizobaki, na jamaa waliopotea, na chakula cha kule ambacho hakipikiki huku. Hakuna aliyewahi kuyaleta mpaka kwenye kiti kile cha mbele cha gari na askari mmoja. Mavyaa wangu aliangalia ile ardhi iliyofurika maji kwa muda mrefu.

"Mkubwa wako alisemaje?" akauliza hatimaye.

"Aliniita. Akaniuliza, 'Yule mama unamjua?' Nikamwambia, ni mama yangu. Alinimiminia chai kwa mkono wake, tukakaa."

"Chai tu?"

"Chai tu."

"Basi huyo mtu mzima," mavyaa wangu akasema. Akaunyosha mkono wake, ule ule, akamgusa mwanawe kichwani. "Marahaba. Nenda kaoge, unanuka jua."

Sitaki kusema kwamba yaliisha pale pale. Kwa muda alikuwa akimtania kwa uchungu kidogo, akitaka kupita mlangoni na mwanawe yupo, huinua mikono yote miwili akasema, "Tazama, mitupu." Mume wangu alikuwa akicheka, lakini mara ya kwanza alitoka nje. Iliyobadilika ni namna mavyaa wangu alivyoangalia televisheni. Zamani akimtazama Sultani tu, na mavazi yake, na farasi. Tangu ziara ile akawa anasogeza kiti karibu na kioo, ananionesha na mimi: "Mwone yule, hajacheka hata mara moja. Na yule kijana wa nyuma, hajala tangu asubuhi, mwangalie midomo." Alikuwa akiwaombea dua kwa sura zao, maana majina hakuyajua. Ahsante yake kwa Sultani haikufika, si kwa mkono wala kwa mdomo. Nilimwuliza kama bado inamsumbua. Akasema, "Nimemzalia mtu wa kumlinda. Hiyo haitoshi?"

Mume wangu sasa amestaafu. Miezi ya mwanzo ilikuwa mizito kwake. Alikuwa akiamka alfajiri akavaa viatu akakaa barazani, na kama hakuna mahali pa kwenda akaanza kukagua kufuli za majirani. Mjomba akamwita Nizwa, akawa anakwenda naye mnadani siku ya Ijumaa kuangalia mbuzi ambao hawawanunui, na kutoka hapo huenda Tanuf wakakaa karibu na magofu ya kijiji cha zamani wakazungumza kazi. Sasa wote wawili yao yamepitwa na wakati, na wana ruhusa ya kusimulia. Anarudi na sauti imemkauka. Mjomba anasema waliopo leo wana vyombo vinavyoruka hewani na vinavyosoma nyuso za watu, na kwamba wale wazee wa langoni wangefurahi, nyuso zimerudi.

Mwezi uliopita mavyaa wangu alitaka kwenda Sur. Amezeeka sana, anasikia kwa sikio moja, na kila mara hutamani samaki ambaye hakukaa katika barafu. Mume wangu alikuwa na homa, nikaendesha mimi. Yeye akakaa pembeni yangu, mama yake nyuma na mito. Tulipoiacha Ibra na milima ikaanza kujitenga na barabara, nikamwuliza jambo, hakujibu. Nikageuka. Alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi, mikono imeanguka mapajani.

Miaka yote niliyoishi naye sikupata kumwona akilala katika gari linalokwenda. Nikapunguza mwendo bila ya kujua kwa nini.

"Mama," nikasema kwa sauti ndogo, nikamwangalia katika kioo, "mwanao amelala."

Akasogea mbele, akamtazama kwa muda. "Mwache," akasema. "Zima hiyo redio."

Nikaizima. Kufika Sur jua lilikuwa limeshapanda, na soko la samaki limejaa watu. Tulinunua nguru mmoja mkubwa, mavyaa wangu akamchagua mwenyewe kwa kumfunua matamvua, na mume wangu akaamka akauliza tumefika lini.